Kiti cha Makadirio katika Nchi ya Uheri

Nilikuwa nimekwisha kuwaaga watu wa Ugomvini, na vumbi lao nimekwisha kulikung'uta kwenye makubadhi yangu, nilipoliona bango la mpaka wa nchi ya Uheri. Limeandikwa kwa rangi nyeupe: HAPA HAPATATOKEA KITU. Nikasema moyoni, haya, hii ndiyo nchi ya mzee kama mimi. Kule nilikotoka watu walikuwa wamepigana miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kisima kisicho na maji, nami nilikuwa nimechoka na watu wenye habari.

Uheri inapendeza machoni. Nyumba zao zina mlango mmoja tu, wa mbele, kwani wa nyuma ni wa kukimbia moto, na moto hautatokea. Hospitali wanaiita Nyumba ya Mapumziko na maiti wanamwita aliyepumzika. Sheria yao kubwa inakataza kulitaja baya kabla halijafika. Ukiliona paa linainama, unyamaze mpaka lianguke. Likishaanguka, una ruhusa ya kushangaa. Ile methali ya ufa na ukuta imepigwa marufuku, na niliambiwa kuna mwalimu aliyeiimbisha darasani akahamishwa. Niliuliza waliojenga ukuta upya ni wangapi. Wakaniambia karibu wote.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye baraza la muuza kahawa, akaja mtu mwembamba amevaa koti, mihuri inaning'inia kiunoni kama funguo za bibi harusi. Jina lake Vuai, Karani wa Mihuri wa Chuo Kikuu cha Uheri.

"Mzee, una jamaa yeyote nchi hii?"

"Sina."

"Umesoma?"

"Vipande vipande. Darasa la kwanza nililisomea kwetu, la tatu nikalisomea ugenini, la pili sikuliona."

"Una maoni?"

"Kuhusu nini?"

"Vizuri sana," akasema. "Malizia kahawa, twende."

Njiani akanieleza. Kwa sheria ya Uheri kila usaili wa kazi kubwa lazima uwe na Shahidi Mpita Njia: mtu asiyemjua yeyote wala asiyejua lolote, akae pembeni, mwisho atie dole gumba kuwa haki imetendeka. Mwenyeji hafai maana anajua mambo. Nikamuuliza kazi gani inatafutiwa mtu. Akashusha sauti kama anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Profesa wa Makadirio."

Msomaji usiyeijua elimu hiyo, mimi pia sikuijua. Ni elimu ya kuhesabu watu: katika watu elfu wa namna fulani, wangapi watafikwa na nini na katika umri gani, ili nchi ijiweke tayari. Bima hukaa juu yake, na kiinua mgongo, na umri wa kustaafu. Sasa nchi iliyokataza kulitaja baya kabla halijafika inamtafutia nini mtu wa namna hiyo? Vuai akanijibu bila kuona haya: vyuo hupangwa kwa idadi ya viti vya uprofesa, na mwaka ule majirani zao walikuwa wameajiri wawili. Cha Uheri kilikuwa kitupu miaka kumi na tisa. Aliyekikalia mwisho alikadiria jambo, jambo likatokea, akafukuzwa kwa uchuro.

Tangazo la kazi lilikuwa limebandikwa mlangoni. Nililisoma kwa kidole. Mwombaji awe na shahada ya uzamivu yenye mihuri mitatu. Awe amefundisha somo hili nchini Uheri si chini ya miaka kumi, ingawa nchini Uheri somo hili halijafundishwa miaka kumi na tisa. Alete wadhamini watatu wasiomfahamu, ili wasimpendelee. Awe na uso mchangamfu.

Kwenye benchi la nje alikaa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga kanga ya rangi ya udongo, bahasha moja nyembamba mapajani. Akaniamkia, "Shikamoo, babu." Nikaitikia, nikamwambia mimi ndiye mpita njia wao. Akatabasamu kidogo.

"Basi usiniambie kitu, utaharibu ujinga wako. Mimi nitakuambia. Nikishaingia mle hakuna atakayesikiliza."

Jina lake lilikuwa Dakta Bihindi. Elimu yake aliisomea nchi ya mbali, akarudi, na miaka minne alikuwa akifundisha watoto kujumlisha. Ndugu yake mdogo, Sudi, alikuwa na miaka thelathini na sita, anachoma chokaa kwenye tanuri za Mwamba Mweupe. Ni yeye aliyemlipia dada yake karo. Watu wa tanuri hustaafu wakifika miaka hamsini na mitano. Hupewa nyumba ya pwani, na bendi huwapigia.

"Bendi hiyo," Bihindi akasema, "haijapiga hata mara moja."

Alikuwa ameyapitia makaburi ya Mwamba Mweupe moja moja, akawauliza wajane umri wa kila mume. Wachoma chokaa sitini na wawili. Mkubwa wao alikufa na miaka arobaini na tisa. Vumbi lile hukaa kifuani likawa saruji.

"Si uwaambie?"

"Nimewaambia. Wakanijibu hesabu bila kiti ni uvumi. Ila sheria ipo, babu, imeandikwa na wazee wao wenyewe: umri wa kustaafu watu wa tanuri ni ule atakaoutaja Profesa wa Makadirio, asipokuwepo, hamsini na mitano. Nikikaa kile kiti siku moja, naandika karatasi moja. Arobaini. Napiga muhuri. Baada ya miaka minne Sudi anatoka, apate kupumzika kabla ya kupumzika. Na ufunguo wa Daftari la Waliopumzika huwa kwa mwenye kiti. Nitajua na wengine, si wachoma chokaa tu."

"Na wasipokupa?"

Akaugeuza uso. "Hapa hiyo nayo hairuhusiwi kusemwa."

Tukaitwa ndani.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, nao wamechaguliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kulisoma somo lenyewe. Uheri wanasema ajuaye ana upande. Mwenyekiti alikuwa Profesa Shibu, mtu mnene wa tabasamu lisilozimika, bingwa wa elimu ya kupanga viti katika dhifa. Kulia kwake alikaa Dakta Mize wa elimu ya maua. Kushoto, kuwakilisha wananchi, Mzee Jecha, ambaye ndiye mwenye tanuri zote za Mwamba Mweupe. Mimi nikadhani nimekwisha kujua hadithi itakavyokwenda: mzee yule atamkaba yule mwanamke. Nilikosea. Mzee Jecha hakujua hata Bihindi ni nani, na kwa muda mwingi alikuwa akichokonoa meno.

Kwanza ukapimwa utafiti. Vuai akaleta mizani ya sokoni, akaweka maandishi ya Bihindi upande mmoja.

"Robo kilo kasoro."

"Mwingine?"

Mwombaji wa pili, Dakta Ngwali, alikuwa kijana wa suti ya kung'aa. Vitabu vyake vililetwa kwa rukwama, vimefungwa kwa kamba za katani.

"Kilo thelathini na mbili. Pamoja na kamba, Profesa. Kamba zihesabiwe?"

"Zihesabiwe," akasema Profesa Shibu. "Bila kamba utafiti ungetawanyika."

Hakuna aliyefungua hata kimoja. Nilikuwa karibu na rukwama, nikachungulia cha juu. Kilikuwa orodha ya wageni wa harusi.

Kisha mhadhara wa majaribio. Bihindi akasimama.

"Chukueni wanaume elfu wa miaka thelathini na sita..."

"Tuwachukue wapi?" akauliza Mzee Jecha.

"Ni mfano, mzee wangu."

"Majina yao?"

"Hawana majina. Ni elfu tu."

"Binti yangu, watu elfu wasio na majina hao si watu, hao ni mashetani."

Wakacheka. Naye akacheka nao, akaendelea taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea watoto. Akasema elimu hii haimtazami mtu mmoja. Inatazama umati, kama muuza mkate asiyejua nani atakuja asubuhi lakini anajua aoke mikate mia mbili. Dakta Mize akatikisa kichwa kuafiki, akaandika kitu. Mimi nilielewa, na mimi ni mtu wa darasa la tatu.

Profesa Shibu akainua mkono. "Vizuri. Sasa tuje kwenye elimu yenyewe. Mimi nitapumzika lini?"

"Sijui, Profesa."

Vuai akachora mstari kwenye karatasi yake.

"Hujui?"

"Kwa mtu mmoja hakuna anayejua. Nipe maprofesa elfu wa umri wako na..." akautazama mkanda wa suruali ya Profesa, akameza neno, "...na wa afya yako, nitakuambia wangapi watafika sabini."

"Maprofesa elfu hatuna. Tuko kumi na wanne."

"Na mimi je?" akauliza Mzee Jecha. "Mimi lini?"

"Sijui, mzee wangu."

Mstari wa pili.

"Na huyu Vuai?" akauliza Profesa Shibu.

Niliona kabisa kwamba Bihindi ameelewa. Kwa sheria yao mwombaji akisema sijui mara tatu, ameanguka. Alikuwa na neno moja tu la kusema, tarehe yoyote, Jumatano yoyote, na kiti ni chake na ufunguo ni wake. Kidole chake kimoja kikasugua ukingo wa meza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwombea aongope.

"Nikisema siku yake," akasema mwishoni, "basi na ile karatasi nitakayoiandika kesho itakuwa na thamani ya siku hiyo hiyo ya kubuni. Sijui."

Mstari wa tatu. Akatolewa nje, na Vuai akamshukuru kwa uso mchangamfu.

Dakta Ngwali hakusubiri kuulizwa. Aliwatazama mmoja mmoja kama fundi cherehani anayepima kwa macho.

"Profesa, miaka tisini na saba, siku ya Ijumaa, baada ya chakula. Mzee Jecha, tisini na moja, usingizini, wajukuu wamekuzunguka. Dakta Mize, themanini na tisa, bustanini. Bwana Vuai, themanini na nane, umeshapandishwa cheo mara mbili."

"Mara mbili!" Vuai akasema, akasahau kuandika.

"Na hujawahi kukosea?" akauliza Profesa Shibu.

"Profesa, tangu nianze kazi hii, hakuna mtu hata mmoja aliyepitisha siku yake akarudi kunilalamikia."

Kamati ikapumua kwa raha. Mzee Jecha akaacha kuchokonoa meno.

Ukafika mjadala. Sheria yao inataka mjadala usipungue robo saa, hivyo waliketi wakitazama saa. Dakika ya tisa, Dakta Mize akakohoa.

"Lakini wenzangu, yule mama alisema kweli."

Profesa Shibu hakukasirika. "Inawezekana, mpenzi. Vuai, hebu tusomee sifa za mwombaji."

Vuai akasoma tangazo kutoka juu hadi chini: shahada, mihuri, miaka kumi, wadhamini, uso.

"Kweli imo?"

"Haimo, Profesa."

"Basi tukimpa alama kwa kitu ambacho hakikutangazwa, tutakuwa tumewadhulumu wale ambao hawakujua kuwa kinahitajika."

"Hilo nalo neno," akasema Dakta Mize, akarudi kwenye maua aliyokuwa akichora. Yule ndiye mtu mwema wa chuo kile. Nilimtazama nikafikiri, nimewahi kuona mawe ya njiani yenye ubishi kuliko huo.

Ikabaki dole langu. Vuai akanisogezea wino.

"Mimi sikuona haki hapa," nikasema.

"Mzee, hukuombwa kuona. Umeombwa kushuhudia."

"Nikikataa?"

"Utakaa hapa mpaka ukubali. Hakuna atakayekugusa. Sisi si watu wa fujo."

Wakatoka wakaniachia chumba. Nilikaa tangu saa tano asubuhi. Nyuma ya ukuta walikuwa wakimkaribisha Ngwali, nasikia sahani, nasikia harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimelala na njaa nchi nyingi na nimezisema vibaya serikali nyingi, na watu hunidhania mimi ni mwamba. Saa kumi niliita, nikatia dole. Wakanipa sahani, nikala yote nikalamba na vidole, kile chenye wino kikiwa kimojawapo.

Bihindi alikuwa bado kwenye benchi la nje. Nikamwambia nilichofanya, maana kumficha kungekuwa wizi wa pili.

"Ungekataa wangemleta mpita njia mwingine," akasema. "Hii ni njia kuu, babu. Hawakosekani." Halafu akainuka akajifunga kanga upya, akaenda kumwambia ndugu yake.

Nilikaa Uheri wiki tatu zaidi, kwa aibu zaidi kuliko kwa kupenda, na ndipo nilipoona makosa ambayo ni watu wa pale tu wangeweza kuyafanya. Maana wenye upumbavu wako kila nchi, lakini wengi huutia kabatini wakishausherehekea. Waheri waliuvalisha joho wakaupa kazi.

Wiki ya kwanza Baraza la nchi lilimtaka Profesa Ngwali, sasa akiwa kitini, ataje umri wa kustaafu watu wa tanuri, kama sheria inavyosema. Akapanda Mwamba Mweupe na gari la chuo, kitambaa puani. Wachoma chokaa mia nne wakapangwa mstari, weupe vichwa mpaka nyayo. Akapita akiwatazama: themanini, tisini, themanini na tano. Alipomfikia Sudi, ambaye alikuwa akikohoa ndani ya kiganja, akampiga bega. "Wewe tisini na mbili, bwana mkubwa. Kifua kama ngoma." Wenzake wakamshangilia. Sudi naye alicheka, nilikuwapo, nilimwona. Nani asingecheka?

Baraza likafanya hesabu. Kama wataishi hivyo, kustaafu na hamsini na mitano ni kuwaonea, watakaa bure miaka mingi mno wapate huzuni. Umri ukapandishwa mpaka sabini. Mzee Jecha alilia kwa furaha kwa niaba ya wafanyakazi wake, na nadhani machozi yalikuwa ya kweli. Bihindi alikwenda kwenye mkutano ule na karatasi yake ya makaburi sitini na mawili. Aliruhusiwa kusema. Akasikilizwa mpaka mwisho, kwa heshima, halafu Profesa Ngwali akaulizwa kama takwimu hizo zinampa wasiwasi.

"Hao walikufa kabla sijaajiriwa," akajibu, na ukumbi mzima ukaona jibu limetosha.

Nikaondoka siku ile.

Nilipita tena Uheri baada ya miaka sita. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Profesa Shibu alikabwa na mfupa wa mbuzi katika dhifa ya kuadhimisha mwaka wa kwanza wa kiti cha makadirio. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Kwa kuwa Profesa wa Makadirio alikwisha kutamka tisini na saba, hakuna karani aliyeweza kuandika kuwa amepumzika. Kwa hiyo koti lake liko kwenye kiti cha mwenyekiti, na kamati hulisalimu kabla ya kuanza kikao. Wanasema limekuwa likiongoza vizuri.

Mzee Jecha yu mzima. Ameongeza tanuri mbili.

Dakta Mize alihamishiwa nyumba ya bustani, ambako anaandika kitabu kuhusu waridi. Huwaambia wageni kwamba wakati ule alipinga.

Vuai amepandishwa cheo mara mbili, jambo ambalo chuo kinalitaja kama uthibitisho.

Profesa Ngwali ana wanafunzi mia tatu. Kila mmoja akihitimu hupewa shahada yenye tarehe yake ya kupumzika imepigwa muhuri chini. Tarehe nzuri nzuri huwa za wale wenye wazazi wazuri. Ufunguo wa Daftari la Waliopumzika hajawahi kuuomba. Majirani wameanza kutuma watu kuja kujifunza.

Dole gumba langu limewekwa kwenye kioo, karibu na mlango, na chini yake wameandika HAKI. Niliomba kulitoa. Wakaniambia si mali yangu.

Dakta Bihindi bado anafundisha watoto kujumlisha. Nilimkuta nyumbani kwao Mwamba Mweupe, amekonda. Daftari lake la makaburi limefika mia moja na nne. Sudi ni wa tisini na nane. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na mwezi wa mwisho alilala ameketi kwa sababu akijilaza hewa haipiti. Nilimuuliza Bihindi kama siku ile, mbele ya kamati, alikuwa akijua.

"Nilijua watakuwa wangapi," akasema. "Sikujua nani."

Tanurini jina la Sudi linaitwa kila asubuhi. Tarehe yake ni miaka tisini na mbili, kwa hiyo haandikwi marehemu, anaandikwa mtoro. Nikiwa pale ilifika barua ya onyo ya tatu, inayomtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Aliyeileta alitaka saini ya kupokea. Bihindi alitia saini.